Domani, Alisema Kitambala

Katika mji wote wa Likasi palikuwa na mtu mmoja tu aliyekifahamu Kiitaliano kikamilifu bila kuwahi kusalimiana na Mwitaliano hata mmoja! Mtu huyo ni Papa Damas, fundi umeme mstaafu, ambaye elimu hiyo aliipata kwa njia ya mkato: ujanani alisoma Kilatini miaka miwili kwa mapadri.

"Kiitaliano ni nini?" alipenda kuuliza, akiinyoosha kola ya shati. "Ni Kilatini tu, kilivulaka koti, kikaikala ku barza na singleti!"

Hakuna aliyembishia. Wa kumbishia angetoka wapi?

Mambo yenyewe yalianza karibu miaka hamsini iliyopita, pale mhandisi mmoja wa Kiitaliano aliporudi kwao na kuiachia parokia masanduku matatu ya filamu. Paroko wa siku hizo, mzee mwema kutoka Flandria huko Ubelgiji, alipenda sinema kama alivyopenda usingizi, na alikuwa na kipaji cha kuvifurahia vyote viwili kwenye kiti kimoja. Aliuliza kama yupo kijana anayeweza kuwafasiria watu maneno. Damas alisimama upesi mno hata benchi likapinduka pamoja na wote waliokuwa wamelikalia.

Siku hiyo ndipo alipozaliwa Kitambala.

Waitaliano waliomtengeneza shujaa huyo wa sinema zote tatu walimpa jina refu lisilotamkika. Likasi ilimwita Kitambala kwa ajili ya kile kitambaa chekundu alichofunga shingoni, akiwa juu ya farasi, na vumbi lote la dunia nyuma yake. Kila Jumapili baada ya baraka ukumbi ulijaa. Watu walitoka Kapolowe kwa baiskeli! Na kando ya shuka jeupe alisimama Damas, miaka ishirini na miwili, akifasiri kwa sauti ya shaba.

Kitambala akisema "Basta!", Damas alinguruma, "Bastola!" Na kweli, haukupita muda bastola zikaonekana. Akisema "Andiamo!", Damas alitangaza, "Nendeni, nawapenda!", maana kila aliyeonja fimbo ya mwalimu wa Kilatini anajua amo, amas: napenda, unapenda.

Lakini neno lililomjengea heshima yake ni "domani". Kitambala alilisema sana, hasa walipomjia wanawake wakilia na kumshika hatamu ya farasi. Aliinua macho mbinguni, akasema, "Domani, domani," kisha akatoka mbio. Damas hakusita hata kidogo. Domine ya sala za Kilatini na domani ya Kitambala, aliona, ni ndugu wa tumbo moja.

"Ee Bwana! Ee Bwana!" alifasiri, mikono kifuani. "Anawaombea!"

Basi Likasi ikapata mcha Mungu wa kwanza mwenye bastola mbili! Mwisho wa sinema ya tatu Kitambala alimwacha mwanamke mwenye gauni jeupe mlangoni pa kanisa, akaondoka akisema domani zake. Damas alieleza kwa sauti iliyovunjika kwamba huyo ni sista anayeingia utawani, na Kitambala amemsindikiza. Ukumbi mzima ulilia. Msichana mmoja aliyeitwa Émilienne alilia kuliko wote, na mwaka uliofuata akaingia utawani yeye mwenyewe. Alikaa miezi minane, hadi alipogundua kwamba huko kuna saa za kunyamaza.

Hata nyumbani neno hilo lilimfaa Damas. Mkewe, Mama Berthe, alipomkumbusha kwamba bati la jikoni linavuja, Damas aliinua macho juu, akaunganisha vidole, akanong'ona, "Domani, Berthe. Domani." Mama Berthe, mwanamke wa sala, aliweka mwiko chini na kujibu, "Amina." Kisha alisogeza sufuria ya bukari, yaani ugali, mahali pasipodondoka maji. Misimu mingi ya mvua ilipita hivyo, katika utakatifu mkubwa.

Sasa parokia ilikuwa imeupaka ukumbi wake rangi mpya, na juu ya mlango paliachwa nafasi ya jina. Damas aliipima nafasi ile kwa kamba, usoni pake pakiwa na unyenyekevu wa kujilazimisha. SALLE DAMAS, yaani Ukumbi wa Damas, ilitosha kabisa, na pangebaki mahali pa kuchora kitambaa chekundu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa yuleyule Émilienne, sasa mama mwenye miwani na mhuri.

"Kamati itaona, Papa Damas," alimwambia. "Tufanyie sinema moja ya kukumbusha bantu. Kisha tutaandika."

Ndipo mjukuu wake Joëlle, anayeuza simu karibu na soko, alipoleta habari.

"Nkambo, Kitambala ya ine ilitoka! Njo ule ule muzee mwenye alichezaka. Sasa iko na meno ya kununua."

Sinema ya nne! Damas aliona mbingu zikifunguka.

"Lakini nkambo," Joëlle aliongeza, "ku internet bantu beko nalia. Beko nasema ya ine iliharibisha zote."

Habari hii ilimfikia Stanislas, dereva mstaafu wa treni na rafiki wa Damas tangu darasa la kwanza, ambaye kwa kuumia roho mapema hakuwa na mpinzani. Walikutana mbele ya kanisa, kila mmoja na bilauri yake ya munkoyo wa mahindi.

"Damas, ndugu yangu, tuache," alisihi Stanislas. "Ukunywe munkoyo mutamu bilauri tatu. Ya ine ikuwe na nzi. Ku nyumba utakumbuka nini? Nzi!"

"Nzi iko mu bilauri ya ine," alijibu Damas. "Zile tatu ziko mu tumbo yangu tayari. Nzi itaingiliya mulango gani?"

"Mulango ya kichwa! Kila mara nitafikiri Kitambala, nitaona meno ya kununua!"

"Stanislas, sikia minye. Kintu ya muzuri ikishakwisha, imekwisha muzuri. Hata batengeneze ya ine, ya kumi, ya makumi mbili! Zile tatu hazina muntu wa kuzigusa."

"Amo, amas, Damas," alisema Stanislas kwa huzuni, akamwaga munkoyo uliobaki, kana kwamba nzi alikwisha kuonekana.

Joëlle alimwomba babu yake aitazame kwanza peke yake. Damas alicheka kicheko cha askofu.

"Minye, nijaribu kwanza, nifanye répétition? Mutoto, Kitambala ni minye!"

Jumapili saa tisa alasiri madirisha yalizibwa kwa mablanketi, na ukumbi ukafurika. Wazee walikaa mbele, vijana nyuma, na Émilienne pembeni, karibu na fundi wa rangi aliyekuja na kopo na brashi, tayari kabisa. Joëlle alieleza kwamba sinema inasemwa kwa Kiitaliano na chini yake kuna maandishi ya Kifaransa. Kwa kuwahurumia wazee, aliyakuza maandishi yale hadi yakawa makubwa kama ya tangazo la uchaguzi.

Damas alishika maikrofoni. Miwani yake aliiacha nyumbani, kwa kuwa haikumpendeza mtu ambaye jina lake lilikuwa linangoja brashi. Tena aliwaelekea watu na kuipa picha mgongo, kama padri mbele ya waumini. Picha ya nini? Masikio yalitosha!

Kitambala alitokea. Alikuwa mezani, mzee, kitambaa chekundu kimegeuka cha kuzuia supu.

"Basta!" alisema, akisukuma sahani.

"BASTOLA!" alinguruma Damas.

Benchi la nyuma lilicheka. Nyuma ya Damas palikuwa pameandikwa, kwa herufi za kimo cha mtoto, Ça suffit!, yaani imetosha! Damas alikunja uso. Kumbe kweli sinema hii ni ya ovyo, aliwaza. Hata bastola zinawachekesha watu.

Kitambala alitoka nje, akampanda punda.

"Andiamo!"

"Nenda, nakupenda!" alisema Damas kwa mahaba, ingawa maandishi yalisema tu twende.

"Anapenda punda!" alipaza sauti kijana mmoja, na mablanketi ya madirishani yakatikisika kwa kicheko. Jasho lilianza kumtoka Damas, lakini mtu wa misheni haachi ibada katikati.

Kisha mlango wa picha ukagongwa. Aliingia mwanamke mwenye mvi, amevaa gauni jeupe lililokuwa jeupe zamani sana. Wazee walimtambua mara moja.

"Sista!" walisema kwa pamoja, na Émilienne akavua miwani kufuta machozi.

Mwanamke yule alisema maneno mengi, ya haraka, yasiyo na nukta. Damas alijikusanya.

"Anasema: asante, ndugu Kitambala! Miaka hamsini nilikuwa mu sala ju yako."

Nyuma yake, mwanamke alimpiga Kitambala kofi lililosikika hadi barabarani.

Damas alisikia mlio ule. Alifikiri kwa kasi ambayo hakuwahi kuitumia katika umeme. Akamkumbuka askofu wa zamani, aliyempiga kila kijana kikofi kidogo shavuni siku ya kumwimarisha.

"Anamupatia kipaimara!" alitangaza.

Wazee waliitikia kwa vichwa. Ilikuwa na maana! Lakini papo hapo kofi la pili likalia, likafuatwa na la tatu.

"Papa Damas!" aliita Stanislas kutoka safu ya kwanza. "Kipaimara banapatiaka mara moya tu!"

Ukumbi uliangua kicheko. Watu walishikana mabega kwa kucheka. Na hapo, kana kwamba mtengenezaji wa sinema alimchukia Damas binafsi, picha ikarudi nyuma miaka hamsini: mlango wa kanisa, farasi, gauni likiwa bado jipya. Mwanamke akauliza swali moja. Kitambala kijana akainua macho mbinguni.

"Domani, domani!"

"Ee Bwana, ee Bwana!" alifasiri Damas kwa unyenyekevu wote uliomo katika koo la binadamu.

Safari hii hakuna aliyecheka. Ilisikika sauti moja ikisoma polepole. Ilikuwa sauti ya Mama Berthe. Alijifunza kusoma akiwa mama wa watoto wanne, na tangu hapo hakuna herufi iliyopita mbele yake bila kusomwa kwa sauti.

"Ma-riage, quand?" alisoma. "De-main... de-main."

Alirudia kwa midomo tu.

"Anauliza ndoa ni lini," alisema. "Na demain ni kesho."

Damas aligeuka kwa mara ya kwanza. Hata bila miwani aliliona neno lile. Aliyeko mbali kule Mulungwishi angeliona.

"Haikuwa sista!" alilia Émilienne, akisimama. "Alikuwa bibi arusi! Alimukimbiaka! Papa Damas, minye nilikaa mu couvent miezi munane ju ya muntu mwenye kukimbia ndoa!"

Lakini Mama Berthe alikuwa bado anahesabu, si miezi, bali misimu ya mvua.

"Damas, bwana yangu," aliuliza taratibu. "Manjanja ya ku jiko, nikikuambiaka inavuja, unanijibuka namna gani?"

Damas alirudi nyuma hatua moja.

"Unasemaka Domani. Na minye, mujinga, nilikuwa nasema Amina!"

Vicheko vilivyofuata viliangusha mablanketi mawili, na mwanga wa jua ukamwangukia Damas katikati ya jukwaa, akiwa na maikrofoni yake kama mshumaa uliozimika.

"Ndugu zangu," alisema, "ni hii ya ine! Ni yenyewe inaharibisha! Stanislas alisema kweli: sinema ya mubaya ya buzee inachafula zote za zamani! Tuzime, tusahau!"

Stanislas alisimama, akaegemea fimbo yake. Alikuwa anafuta machozi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hayakuwa ya huzuni.

"Hapana, Damas. Niliomba tusiangalie, nilikosa. Nzi haikukuwa mu bilauri ya ine. Ilikuwaka mu ya kwanza, na ni weye njo uliiweka! Shiye tulikunywa miaka yote na kulamba midomo." Akawageukia watu. "Kitambala yao ni mukimbizi wa ndoa. Yetu alikuwa anasali. Minye nataka yetu. Jumapili ingine tuangalie ya kwanza, maandishi tuyafunike, na Damas aseme vile alisemaka!"

"Aseme!" waliitikia wazee. "Aseme!" waliitikia vijana, kwa nguvu zaidi. Hata Mama Berthe alipiga makofi, ingawa alipiga kama mtu anayehesabu misumari.

Mtu mwingine angeshukuru na kushuka jukwaani. Damas alihisi damu ikimrudia. Kumbe sinema ya nne haikumvua kitu! Kumbe Kitambala wa kweli ni yeye, na Waitaliano walimwiga vibaya! Alinyoosha kola. Alimtazama fundi wa rangi, kopo, brashi, kisha mwenyekiti wa kamati.

"Basi, Mama Émilienne," alisema ndani ya maikrofoni, "kwa vile bantu bamesema... jina yangu pale juu ya mulango, mutaandika lini?"

Émilienne alivaa miwani yake bila haraka. Aliunganisha vidole. Akainua macho kwenye dari mpya ya parokia, kwa utulivu aliojifunza katika ile miezi minane.

"Domani, Papa Damas," alisema. "Domani."

Na ukumbi mzima, Mama Berthe akiongoza, ukajibu:

"Amina!"