Turudishieni Mashimo Yetu

Kwa Mhandisi wa Barabara,
Halmashauri ya Miji ya Pembezoni.

Ndugu Mhandisi,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA MASHIMO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kiti chako bado kinazunguka. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro huko jijini, na mkazi wa mji wa tatu ukitoka jijini, ule wenye vinyozi wengi kuliko vichwa. Nalalamikia lami mliyotuwekea. Naandika kwa heshima zote, ingawa nina hasira.

1. Zamani nikichelewa kazini nilisema neno moja tu, "barabara," na bosi akanipa pole. Juzi Jumapili bosi kapita huku akaiona lami kwa macho yake. Jumatatu nilipofungua mdomo, alinionyesha saa ya ukutani. Mmenivua nguo mbele ya mwajiri.

2. Magari yalikuwa yakikwama mbele ya geti langu, mtaa mzima tunatoka kusukuma. Ndivyo nilivyofahamiana na seremala wa jirani. Leo watu wanapita vioo juu kama tumewakosea.

3. Hili ndilo linaloniuma hasa. Nilihamia huku mbali kwa sababu wakwe zangu hawapendi vumbi, na tulipatana vizuri sana: tulionana kwenye harusi na misiba. Lami haijapoa, mama mkwe huyo kashuka na sanduku, mto wake wa kulalia na ubao wa dama. Nikajua hakuja kusalimia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini nani wa kumpa jembe mama mkwe? Ukimpa atauliza mbona halijanolewa. Kabati langu kalihamisha. Vifungo vya mashati yangu yote kavisogeza, eti tumbo limekua. Na kila jioni ananingoja na dama, ananifunga, kisha anamwita seremala aje aone. Mwanzoni nilifungwa kwa heshima, maana mkwe ni mkwe. Siku hizi natumia akili zangu zote na bado nafungwa.

Kwa hiyo naomba mashimo yarudi, hasa lile kubwa la mbele ya kinyozi, ambalo bata walishalizoea. Kama hamna wachimbaji, jembe ninalo. Mashimo yasipotosha, vunjeni daraja. Daraja likiwashinda, ng'oeni kibao chenye jina la mji, tupotee kabisa.

Nisalimie wahandisi wenzako, karani wako, na dereva wa greda, ambaye sina ugomvi naye kwani alitumwa tu.

Wako mtiifu, ila kwa hili sinyamazi,
Mkazi wa geti la bluu

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, mama mkwe kaondoka. Jana nilimuuliza, kwa adabu kabisa, anatarajia kurudi kwake lini. Akasema, "Nimekusikia, baba," na asubuhi sanduku halipo. Yuko kwa binti yake mwingine, mji wa nne, ambako lami yenu haijafika na basi linaishia njiani. Dama kaiacha mezani, kete zimepangwa, zamu ni yangu. Mke wangu hanisemeshi. Nyumba imepwaya, Mhandisi, na mimi nimemkumbuka yule mama kuliko nilivyotegemea. Futa yote niliyoandika hapo juu. Leteni lami mpaka mji wa nne, tena upesi, nikamrudishe. Kama hamna vibarua, jembe ninalo.