Gari Linachemsha, na Wanaume Wanalisikiliza

Kirumba, Mwanza
Novemba 1995

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

YAH: OMBI LA KUPIGA MARUFUKU USIKILIZAJI WA INJINI UANI KWANGU

Pole kwa uchovu wa uchaguzi. Mimi ni Selestina, mke wa Orwa, nyumba iliyo chini ya lile jabali lililobandikwa picha za wagombea wa vyama vyote. Mkeo Teodora ni mteja wangu wa dagaa pale sokoni Mwaloni.

Unajua kwamba kiwanda cha nguo kilipopunguza watu, mume wangu alikuwemo. Miezi ya kwanza alikaa barazani akitazama ukuta. Hakula vizuri na hakuongea, lakini hakunisumbua. Kisha akachukua kiinua mgongo chake akanunua gari dogo la mtumba kutoka Japani ili afanye teksi, wakati teksi za mji huu zimeshakuwa nyingi kuliko abiria. Gari lilifika likichemsha na kugonga. Tukakubaliana kwamba litatengenezwa, litauzwa, nami nipate friji la samaki. Bwana Liaqat wa duka la baiskeli yuko tayari kulichukua likishatulia. Ndugu Mwenyekiti, halitulii kwa sababu halitengenezwi. Linasikilizwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwiko. Mume wangu alisikia kwamba ukiegemeza kijiti kwenye injini na ncha ya pili ukaiweka sikioni, utajua kelele inatoka wapi. Kijiti alichoona kinafaa ni mwiko wangu wa ugali. Sasa ugali wa nyumba hii una ladha ya oili, na mume wangu ana duara jeusi sikioni ambalo hata akienda misa halitoki.

2. Sufuria. Ndani ya injini kuna kidude kinaitwa themostati, kazi yake kuyafungulia maji njia injini ikipata moto. Ili kujua kama kimekufa, eti unakichemsha na kutazama kama kinafunguka. Sipingi elimu. Lakini Jumapili nilifunua sufuria la sato nikakikuta kimelala katikati ya nyanya, na mume wangu na wenzake wamelizunguka jiko. Nilipouliza, nikaambiwa mchuzi nao ni maji. Hakikufunguka. Sato waliwala wao.

3. Wataalamu. Mzee Owiti, aliyepunguzwa reli, anasema ni bomba la maji limeziba, kwa kuwa treni za zamani zilikuwa na ugonjwa huo. Chenge, aliyepunguzwa kwenye kinu cha pamba, anasema ni beringi, kwa kuwa kwake kila kitu ni beringi. Mume wangu anasema mashine ikiumwa husema yenyewe, ila binadamu hawana subira. Nilipopendekeza lipelekwe kwa fundi wa Igoma, walinitazama kana kwamba nimewatukania wazazi. Wakasema fundi wa Igoma hasikilizi. Yeye hufungua na kutengeneza tu.

4. Maji. Bomba letu hutoa maji kwa huruma. Ndoo ninayoipangia foleni inaishia kwenye rejeta. Watoto wanaoga kwa zamu, gari linakunywa bila zamu.

5. Mama yangu. Bibi Wilhelmina alikuja kututembelea kutoka Shirati. Sisi Wajaluo, mtu na mama mkwe wake hawasogeleani ovyo. Miaka yote Orwa humwamkia kutoka mlangoni, macho chini. Safari hii mama aliinuka kitini na magoti yakalia. Mume wangu akainua kichwa kule uani. Akaja mlangoni, akatoa shikamoo yake, halafu akauliza kwa heshima zote kama kelele hiyo hutokea wakati wa kupanda au wa kushuka, na kama hupungua magoti yakishapata moto. Wanaume wote wakasogea kusubiri jibu. Ubaya ni kwamba mama alijibu. Akakaa nao mpaka jioni, na sasa ana maoni yake kuhusu mkanda wa feni.

6. Siasa. Watu hawa wana mwenyekiti (Owiti) na katibu (Chenge). Wana alama yao, boneti iliyo wazi. Hukutana kila asubuhi, kila mmoja ana sera yake, hakuna anayekubali ya mwenzake, na mpaka leo hatujaona matunda. Kama hiki si chama, nieleze ni kitu gani. Na kama ni chama, mbona hakikusajiliwa? Nakuonya kwa nia njema tu: wakati wa uchaguzi wa mitaa watakuwa wameshazoea kukaa vikao kuliko kamati yako.

Kwa hiyo naomba utoe amri ya maandishi kwamba boneti ifungwe, gari liende Igoma, na mwanamume yeyote atakayekutwa ameinamisha sikio karibu na injini alipe faini ya ndoo mbili za maji, zijazwe kwangu.

Wasalimie wajumbe wa kamati, Mama Teodora, na watoto wote, hata yule mkubwa aliyetuletea spana.

Ni mimi, mwananchi mtiifu mwenye jiko linalonuka grisi,

Selestina Orwa

N.B. Nilikuwa bado sijapata wa kukuletea barua hii, mume wangu akaliona kosa. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi walikuwa wamejaa kwenye matundu ya rejeta wakakauka, upepo haupiti. Na mkanda ulikuwa umelegea, kama mama alivyosema. Akasafisha, akakaza. Gari likatulia. Wakapeana mikono, kila mtu akaenda kwake.

Kesho yake hakuna aliyekuja. Orwa alikaa barazani akatazama ukuta. Nikampelekea chai, ikapoa mkononi mwake. Ndugu Mwenyekiti, niliogopa sana.

Alipokwenda msalani nikabandua kifuniko cha gurudumu la nyuma, nikatia nati moja ndani, nikakirudisha. Likisogea tu, linalia. Owiti anasema ni difu, zile gia za nyuma, Chenge anasema beringi, mama bado anafikiri. Mume wangu amekula sahani mbili.

Amri usiitoe. Bwana Liaqat anakuja Jumamosi kulitazama, na najua atakuuliza wewe kama kiongozi. Tafadhali njoo ulisikilize kwa muda mrefu, halafu umwambie huna uhakika.