Lebo Fupi ya Asali

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza majaribio kwenye ofisi ya usanifu wa michoro. Wiki mbili. Nafasi moja, watu wawili: mimi na kijana mwenye cheti, ambaye kimoyomoyo namwita Miwani. Mimi nina miaka sita ya kufinyanga kwa Shangazi. Kwenye barua ya maombi nakshi za shingo za mitungi niliziita "mapambo ya nyuso zilizopinda". Bosi alizipenda sana hizo nyuso. Miwani aliuliza kama tope la kwenye kucha nalo ni cheti. Nikaficha mikono chini ya meza. Siku nzima!

Jumatano, 5 Machi
Shangazi hasemi nami. Tangu nimwambie sitaki kuzeeka nikinuka moshi wa tanuri, ananipa chakula na kisogo. Nikikosa nafasi hii nitarudi kwenye gurudumu lake nimeinamisha kichwa. Hatanicheka. Hilo ndilo baya zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Kazi ya maana imeingia: lebo ya mitungi midogo ya asali. Kapewa Miwani. Mimi nimepewa kupanga kabati. Nikachungulia kikaratasi cha vipimo. Mwandiko wa Shangazi! Kumbe muuza asali kaagiza mitungi kwake. Mzunguko wa mtungi, sentimita ishirini na nne. Mitungi yenyewe iko rafuni nyumbani, mibichi, haijaingia tanurini. Udongo ukichomwa hunywea. Wa Shangazi hupungua moja ya nane. Ishirini na nne itakuwa ishirini na moja. Miwani hajui. Cheti chake hakijui.

Ijumaa, 7 Machi
Ningeweza kumwonya Miwani, lakini sifa angezoa yeye. Ningeweza kumuuliza Shangazi, tunatenganishwa na pazia tu, lakini angejua namhitaji. Kuipima mitungi rafuni sikuona haja, miaka sita inatosha. Saa ya chakula nikafungua faili la Miwani, nikaipunguza lebo hadi ishirini na moja, nikafunga. Jioni yeye mwenyewe akalipeleka kwa mchapaji bila kulitazama tena. Mitungi ikija, lebo ikikaa sawasawa, nitasimama niseme kwa unyenyekevu kwamba ni mimi. Nimeufanyia mazoezi unyenyekevu huo bafuni. Bado una majivuno kidogo.

Alhamisi, 13 Machi
Shangazi kaleta mitungi mwenyewe, imechomwa, inang'aa. Muuza asali yupo, bosi yupo. Lebo mia tano mezani. Sikungoja. Nikasimama nikaeleza yote: udongo, moto, moja ya nane, na nani aliyeokoa kazi. Bosi akauvisha mtungi lebo. Haikufika. Pengo la vidole viwili, kama shati lililoshindwa kufunga tumboni.
Shangazi akanitazama.
"Mwanangu, tangu lini mimi nikampa mteja kipimo cha udongo mbichi?"
Alikuwa ameshapiga hesabu ya kunywea. Bila shaka. Hesabu hiyo nilifundishwa na nani?
Miwani hakucheka. Alimwomba radhi muuza asali kwa kutolikagua faili, kisha akaketi kuirudisha lebo kwenye kipimo chake. Nafasi ni yake. Njiani Shangazi alinibebea mkoba, akasema gurudumu liko palepale. Nikalia. Akajifanya anatazama magari.

Jumatatu, 24 Machi
Ofisi nyingine, majaribio mapya. Asubuhi Shangazi alinisihi jambo moja tu: nikiwa na shaka, niulize. Nikamwahidi, na nilimaanisha kabisa. Mchana nimepewa lebo ya chupa za sharubati. Kipimo kimeandikwa wazi, sentimita kumi na nane. Bosi mpya alikuwa ameketi mbele yangu, hana la kufanya, ananoa penseli.
Lakini kioo nacho hutoka motoni.
Nimeipunguza kidogo tu. Sijamwambia mtu.