Skrini Isiyo na Maneno

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Meneja ametuita watengeneza programu wote, yaani mimi na mwenzangu ninayemwita Miwani. Kasema mashine yetu mpya ya kupimia pampu za maji itauzwa nchi nyingi, na watakaoiendesha hawasomi lugha moja. Kwa hiyo skrini iwe na picha pekee. Neno hata moja, marufuku. Kila mmoja achore zake, Ijumaa zijaribiwe karakanani. Mshindi atakuwa mkuu wa kitengo kipya cha usanifu wa skrini, na atapewa chumba chenye dirisha.

Dirisha!

Miwani akavua miwani yake, akaifuta, akauliza kama tunaweza kwanza kuongea na waendesha mashine. Maskini. Asiye na kipaji lazima aulizeulize. Mimi sijachora kitu tangu shule ya msingi, lakini kipaji hakiozi.

Nimefika nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba cheo kimepatikana. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia na mpaka leo anatusalimia, akachukua simu papo hapo na kuwapigia dada zake wote. Basi imeshakuwa kweli.

Jumanne, 4 Machi

Nimechora kutwa. Picha sita: bana pampu mashineni, jaza maji, pandisha presha, simamisha, pampu nzima, pampu mbovu. Hizo mbili za mwisho ni za kuwaka tu, kutoa majibu. Kwenye "nzima" nimeweka uso wa Meneja akitabasamu. Nani ataukataa uso wake mwenyewe? Kwenye "mbovu" kuna uso mwingine, umenuna, umevaa miwani. Atakayesema unafanana na mtu, shauri yake.

Miwani kashinda karakanani. Anawaonyesha waendesha mashine vikaratasi, anauliza wanaona nini. Wakicheka, anafuta na kuanza upya. Aibu gani hii? Mimi sijafuta hata mstari.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kanishauri nizijaribu picha kwa mtu asiyejua lolote kuhusu pampu. Nikamchagua mama yake. Kosa kubwa.

Pampu inayobanwa, kasema ni birika. Pampu inayojazwa maji, kuku analia. Mshale wa presha, njia ya kwenda chooni. Nikamwonyesha mkono wa "simamisha". Akaupungia! Nikatoa uso wa Meneja. Akauliza kwa upole kama huyo mgonjwa bado yu hai.

Mke wangu alicheka mpaka akakimbia meza. Nimeamua kwamba mama mkwe hafai kwa utafiti. Ana kinyongo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamka na akili mpya. Watu wasipoelewa picha, usihangaike na picha. Rekebisha watu!

Nilisubiri Miwani aende kula, nikashuka karakanani na pakiti ya biskuti. Atakayejaribu kesho ni kiongozi wa zamu, mama mmoja mwenye sauti ya kuzima honi ya lori. Wote wanamwita Kamanda. Nikampa shikamoo ndefu. Nikamwomba akariri: picha ya kwanza bana, ya pili jaza, ya tatu presha, na kuendelea.

Akaitazama karatasi. "Mwanangu, hii ya kwanza si birika?"

Nikamwambia iwe birika, iwe sufuria, yeye abonyeze tu. Akala biskuti, akakariri, akanisomea yote bila kukosea. Picha zenyewe hakuziangalia tena. Safi kabisa!

Ijumaa, 7 Machi

Andika, mkono wangu, andika.

Miwani alitangulia. Picha zake zinachosha! Pampu inafanana na pampu. Maji yanafanana na maji. Kamanda akamaliza bila kuuliza swali. Hakuna aliyeshangilia, maana hakukuwa na cha kushangilia.

Zamu yangu. Kumbe skrini ya ile mashine ni nyembamba na ndefu. Ningejuaje? Sikuwahi kuiangalia. Safu yangu ya picha ikasimama wima, na ya kwanza ikaenda chini kabisa. Kamanda akaanzia juu, kama alivyokariri.

Akabonyeza uso wenye miwani. Kimya. Akamdunga Meneja puani. Meneja halisi akashika pua yake. Akabonyeza mkono. Kimya. Akabonyeza presha, mashine ikanguruma. Akabonyeza maji. Pampu haijabanwa! Programu yangu ilipaswa kuizuia mashine isiwake kabla pampu haijabanwa, lakini wiki nzima nilikuwa nachora.

Maji yakaruka mpaka darini. Nikapiga kelele, "Mkono! Mkono!" Kamanda akainua wake. Karakana nzima ikainua mikono. Meneja naye, amelowa chapachapa, akainua wake.

Miwani peke yake alikimbilia ukutani na kupiga kitufe chekundu cha dharura. Mashine ikanyamaza. Kisha kwenye skrini, kwa mwanga mzuri wa kijani (rangi nayo nilikosea), ukawaka uso wenye miwani.

Meneja akautazama. Akamtazama Miwani. Akaniuliza, huku sharubu zinadondosha maji, huyu ni nani.

Nikasema ni heshima kwa mwenzangu.

"Kumbe mchoraji alijua nani atatuokoa!" Kamanda akapaza sauti. Makofi. Cheo kikaenda kwa Miwani hapo hapo.

Jumamosi, 8 Machi

Dada zake mama mkwe wamefika. Wote. Wamevaa za kutokea. Nikawaambia cheo nilikipata, ila nimemwachia mwenzangu, ana familia kubwa. (Miwani hajaoa.) Wakanipigia vigelegele kwa utu wangu. Mke wangu alikuwa akinimiminia chai, akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, macho kwangu.

Jioni Miwani akapiga simu. Kasema maisha yake yote hajawahi kuchorwa na mtu. Ameomba niwe msaidizi wake. Nikakubali, nikamwambia ni kwa ajili ya kumsaidia tu.

Jumatatu, 10 Machi

Miwani kanipa meza ya dirishani. Yeye kakaa karibu na mlango.

Kabla sijazoea kiti, Meneja akaingia na kazi mpya: mashine ya kupimia breki. Mwendeshaji macho yake yatakuwa kwenye gurudumu, kwa hiyo safari hii si picha, ni sauti ya kumwelekeza. Miwani akaanza kufuta miwani, akasema ni vizuri kwanza kuwauliza wat—

Nikamkata kauli. Nikamwambia Meneja kwamba maelekezo yanayoimbwa hayasahauliki, na kwamba mimi ni mwimbaji wa miaka mingi. Kakubali nimletee wimbo Ijumaa.

Mke wangu kauliza naimba tangu lini. Nimemwambia tangu leo asubuhi, asinivuruge, nikaingia bafuni kutafuta sauti yangu ya juu.