Kiti cha Mbele cha Emerance

Jumatatu, 16 Juni

Leo nimepata nyumba yangu ya uzeeni! Iko uani kwa jirani yetu Musoki, nyuma ya choo, na kuku wanataga ndani yake. Ni basi la zamani lenye pua ya mviringo, bluu pale ambapo kutu haijafika. Lilibeba watu enzi za Zaire. Halina injini, viti, vioo wala magurudumu. Lakini paa ni zima kabisa. Paa la nyumba yangu mwenyewe siwezi kulisifia hivyo.

Mpango: vitanda viwili, jiko dogo, pazia. Nimesoma katika gazeti la Kifaransa kwamba wastaafu wa Ulaya wanaishi hivyo, wanalala popote wanapotaka. Mimi nimefundisha jiografia maisha yangu yote na sijawahi kupita Komanda. Okapi nimemchora ubaoni mpaka chaki zikaisha, lakini kumwona sijamwona. Emerance nilimwahidi Epulu, kwenye okapi wenyewe, wakati wa uchumba. Sasa tuna wajukuu. Na nyumba imejaa ndugu waliokimbia vita Djugu. Watu wema, ila kuna mmoja namsalimu kila asubuhi na bado sijui ni ndugu wa nani.

Nimemweleza Emerance. Hakucheka, na hiyo si kawaida yake. Ameuliza jambo moja tu: yeye atakaa wapi. Mbele, nikasema, dirishani, kando yangu. Akasema kama ni hivyo atakuja. Jioni nimemkuta anapangusa vumbi kwenye valizi, sanduku lake la harusi. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumanne, 17 Juni

Musoki hauzi basi. Anasema kuku wamelizoea. Nikatumia akili: nikamwahidi kiti katika safari ya kwanza, akamtembelee dada yake Komanda. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Kiti kimoja ni nini? Basi lina nafasi!

Tatizo ni vipande vilivyobaki. Watu wa mtaa walivichukua kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Viti viko kanisani, kwaya inavikalia. Vioo viko kwenye saluni ya Falone. Na injini inasaga mihogo kwa Lucien.

Lucien! Mwalimu wa hesabu, mstaafu kama mimi. Tulifundisha shule moja na hajawahi kuniacha nimalize sentensi. Ningemwomba mtu yeyote duniani kabla yake.

Jumatano, 18 Juni

Fiacre, mkuu wa kwaya, alisema viti sasa ni vya Mungu. Nikamjibu kwamba Mungu hatapoteza chochote, kwaya itaimba njiani. Akasema sawa, lakini kwaya nzima itakaa juu ya viti vyake. Nikakubali. Kwaya ina watu wangapi, sikuuliza.

Falone anatoa vioo vyake kwa viti viwili: cha kwake na cha mama mmoja ambaye hajamaliza kumsuka. Hawezi kumwacha na nusu ya kichwa, anasema. Kweli hawezi.

Fundi Eugène ataleta magurudumu. Naye anakuja, kwani basi likifa njiani nani atalifufua? Leo kila mtu alikuwa na hoja nzuri.

Dereva ni mimi. Nikiwa kijana niliwahi kuendesha gari la paroko, mara moja kwa ruhusa.

Vitanda nimevifuta kwenye mpango. Tutalala tukiwa tumekaa. Jiko linabaki.

Alhamisi, 19 Juni

Kwa Lucien. Nilivaa shati la kola. Nikamweleza kwamba kuisagisha mihogo injini iliyozoea barabara ni kuidharau. Aliniacha nimalize. Hapo ndipo nilipopaswa kukimbia.

Akakubali! Masharti: injini irudi kwake baada ya safari, na yeye akae kando yake njia nzima, maana mtu hukaa karibu na mali yake. Nikasema hakuna shida, nikampa mkono. Nilikuwa nimefika kwenye fensi nilipokumbuka kwamba injini ya basi hili hukaa ndani, mbele, kando ya dereva.

Sikurudi. Nitapanga kitu.

Lucien alinifuata mpaka barabarani kunieleza kwamba, kwa hesabu yake, watu ni wengi kuliko viti. Wivu mtupu. Hesabu zimemharibu mtu yule.

Ijumaa, 20 Juni

Mashine ya kusaga imesimama. Wamama wa mtaa wamekuja na mabeseni yao ya mihogo, wakajipanga mbele ya mlango wangu. Honorine, msemaji wao, alisema sasa itabidi waende kusaga Mudzi-Pela kwa mguu, jua lote kichwani, ili mimi nikatembee. Nikaanza kueleza faida za utalii. Akanikata:

"Mwalimu, siye tutakula nini? Ile okapi yako?"

Niliogopa. Nikiogopa naahidi viti.

Jiko nimelifuta pia. Emerance alikuwa ndani, anapiga pasi kitenge chake cha njano. Nadhani hakusikia. Natumaini hakusikia.

Jumamosi, 21 Juni

Injini iliwaka! Basi zima lilitikisika, unga wa zamani ukatoka kila mahali, tukawa weupe wote. Watu wakapiga makofi. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mkubwa Bunia.

Kisha wakapanda. Kwaya, sare zote. Falone na mama wa nusu kichwa. Eugène na vyuma vyake. Musoki na jogoo wa kumpelekea dada yake. Wamama na mabeseni, kwa sababu Honorine aliamua kwamba injini ikisafiri, mihogo inasafiri. Lucien mbele, dirishani, mkono juu ya injini.

Ndipo Emerance alipotoka nyumbani. Kitenge cha njano, valizi mkononi. Alikuja mpaka mlango wa mbele. Akamtazama Lucien. Lucien akatazama injini.

"Papa Yves," akasema, "kiti yangu iko wapi?"

Nilitazama nyuma. Hata ngazi ya mlango ilikuwa na mtu. Nikamwambia, Mungu anisamehe, asimame kidogo mpaka Nyankunde, kuna mwanakwaya anashuka pale kumwona mgonjwa hospitalini.

Aligeuka, akarudi nyumbani na valizi yake.

Na mimi nikaondoka! Hilo ndilo linalonichoma. Nilipaswa kushuka. Lakini watu wote walikuwa wananitazama mgongoni, nikaona aibu, nikaingiza gia.

Tulifika sokoni. Injini ile imezoea kukaa mahali pamoja, na pale sokoni ikakaa. Eugène alifungua, akafunga, akafungua tena, akasema watu washuke. Wakashuka, kila mmoja na chake. Lucien aliondoka na injini kwenye mkokoteni. Kwaya ilipita katikati ya soko na viti mabegani, ikiimba. Falone alikusanya vioo vyake. Eugène akaweka basi juu ya mawe, akachukua magurudumu. Mimi nilibaki na usukani, kwa sababu haukuwa wa mtu.

Nilirudi kwa mguu nikiwa nimeushika. Wauza nyanya waliniambia nipunguze mwendo.

Emerance alikuwa amekaa mbele ya nyumba, juu ya valizi. Nikamwomba msamaha. Nililia, kusema kweli, mbele ya ndugu wote wa Djugu. Hakunigombeza. Alisema tu:

"Okapi ninaweza kuikosa. Miye nilikuwa nataka ile kiti."

Jumapili, 22 Juni

Misa. Kwaya juu ya viti vyake, wote wananisalimu kwa upole mno. Lucien hakutaja hesabu hata kidogo. Ingekuwa afadhali angetaja.

Emerance aliniwekea bugali, akaenda kula na wengine jikoni.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeliona kosa langu. Basi lilikuwa kubwa mno! Mtu mwenye moyo kama wangu hapaswi kupewa viti vingi. Tunachohitaji ni kibasi kidogo chenye viti viwili, kimoja cha dereva na kimoja cha mke wake. Hapo hata nikitaka kumwahidi mtu, nafasi haipo.

Nimemweleza Emerance. Nimemwapia, viti viwili tu. Baadaye nimechungulia: kitenge cha njano hajakirudisha kabatini, amekikunja na kukiweka kwenye valizi. Nimesikia hata anaimba. Sitamwangusha tena mwanamke huyu.

Na kibasi kipo! Kiko upande wa Nyankunde, cha zamani, injini ndani, viti viwili vizima. Anayejua kiko uani kwa nani ni Lucien peke yake, na Lucien hasemi kitu bure. Lakini safari hii nilikuwa mkali, sikukubali kuburutwa. Nimemwahidi kiti kimoja tu.