Muhuri Juu ya Udongo Mbichi

Jikoni palibaki duara. Duara la sakafu safi, upana wake sawasawa na kitako cha mtungi wa gesi, katikati ya saruji iliyokolea mafuta na masizi ya miaka. Saa nne asubuhi ya Jumamosi, wageni wako njiani, na jiko limenyamaza kama limefiwa.

Mke wa nyumba hakupiga yowe la mwizi. Mwizi gani anayebeba mtungi akaacha ndara zake mlangoni?

"Mume wangu!" aliita kupitia dirisha. "Rudisha gesi yangu!"

"Iko kazini!" ilijibu sauti kutoka uani.

Sauti hiyo ilikuwa ya Injinia. Uinjinia wenyewe hakuusomea popote. Alikuwa karani wa masjala, na jina hilo alipewa na majirani siku alipotengeneza bawaba za lango lake mwenyewe, lango likagoma kufunguka, familia nzima ikawa inapitia kwa jirani siku tatu. Wao walimpa jina kwa mzaha. Yeye alilipokea kama shahada.

Lakini tusimcheke kabla ya wakati. Kwa miaka ishirini na miwili mtu huyu alikuwa amefungua mafaili, amefunga mafaili, amegonga muhuri juu ya maisha ya watu wengine: huyu kazaliwa, yule kahamishwa, fulani kastaafu. Jioni alirudi nyumbani na mikono misafi. Hapakuwa na kitu hata kimoja chini ya jua ambacho mtu angeweza kukishika, akakipima uzito, akasema: hiki kakitengeneza yeye. Jambo hilo lilimkereketa kama mwiba uliovunjikia nyayoni.

Na aliyeudidimiza mwiba huo ndani zaidi alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye bucha.

Mwanzoni mwa mwezi Injinia alikwenda kununua nyama. Bucha imejaa wateja. Shemeji akafuta kisu chake kwenye aproni, akamtazama vidole.

"Shemeji, mikono hiyo! Ukishika kisu changu, kisu kitakuamkia."

Wateja wakacheka. Injinia akahisi masikio yakichemka, na mdomo ukamtangulia akili.

"Kisu si hicho cha dukani? Mimi nitakufulia kisu! Kwa moto wa gesi! Kitakata mfupa kama papai!"

Hata nzi walisubiri.

"Haya," shemeji alisema taratibu. "Tarehe kumi na sita tunakuja kula kwako, mimi na mama. Nipe kisu kinachokata. Nikikata nacho nyama, nitakitundika hapa juu ya kaunta, na kila mteja atakayeingia nitamwambia kimetoka kwenye mkono wa nani."

Kila mteja! Injinia alitembea mpaka nyumbani bila kugusa ardhi. Nyama aliisahau kwenye kaunta.

Siku kumi zilizofuata alizitumia vizuri sana, yaani kwenye simu. Alitazama video za watu wenye ndevu wakitengeneza matanuri ya gesi. Alizitazama akila, akioga, na mara moja akiwa kwenye mazishi. Alifungua faili, akaliandika ubavuni "TANURI", ndani akaweka kurasa zenye namba. Waliosimamisha mabwawa ya umeme hawakuwa na faili nene kiasi kile.

Jumanne ya tarehe kumi na mbili ndipo alipokumbuka kwamba faili haliwaki moto. Akamwendea mhunzi wa nyuma ya soko, mwanamume mnene aliyefua majembe huku kijiti cha kiberiti kikimcheza mdomoni. Mhunzi akamsikiliza, akampa kipande cha springi ya lori na nusu ndoo ya udongo wa kukandika tanuri.

"Chukua ndoo ya bati, ikandike udongo huu ndani, unene wa vidole vitatu. Toboa ubavuni, upitishe bomba la gesi. Kisha uache ukauke siku kumi na nne. Kivulini."

"Kumi na nne? Yale ya video yalikauka palepale."

"Video inakatwa, bwana. Udongo haukatwi. Ukiwasha moto udongo ungali na maji ndani, maji yatatafuta njia ya kutokea. Na njia yenyewe ni uso wako."

Injinia alikandika jioni ileile. Kazi nzuri, tusimnyime haki yake. Udongo ulikaa laini, umezunguka kama ndani ya chungu. Aliutia kidole, kidole kikazama.

Siku nne tu mpaka Jumamosi!

Hapo fundi mwingine angeahirisha. Fundi mwingine angempigia shemeji simu, akameza aibu, mambo yakaisha. Lakini huyu alikuwa mtu wa masjala, na masjala ina dawa yake ya uchelewaji. Barua iliyochelewa wiki mbili huko haisemwi imechelewa. Hurudishwa tarehe nyuma, ikagongwa muhuri, ikalala kwenye faili kwa amani. Miaka ishirini na miwili hakuna karatasi iliyowahi kubisha.

Akatoa muhuri wake wa tarehe kwenye mkoba. Akazungusha vigurudumu, kumi na mbili ikawa mbili. Akagonga kwenye kipande cha kadibodi, akaandika juu yake LIMEKANDIKWA, akakifunga kwa uzi kwenye mkono wa ndoo.

Ajabu ni kwamba alipokwisha kugonga, roho yake ilitulia kabisa. Alilala usingizi wa mtu ambaye udongo wake umekauka.

Sasa turudi uani, Jumamosi, saa sita. Shemeji amefika na kilo tatu za nyama. Mama mkwe amekalishwa kwenye kiti chenye mto. Majirani wawili wametia viwiko juu ya ukuta. Mke amesimama mlangoni na mwiko usio na kazi.

"Nyama yangu mbichi, kaka yangu ana njaa, na gesi yangu inachezewa," alisema.

"Subirini mwone," alisema Injinia. Alikuwa amevaa koti la suti. Alisema ni kwa ajili ya picha.

Akafungua gesi. Akawasha. Tanuri likanguruma: vuuuu! Mwali wa buluu ukazunguka ndani ya ndoo, na majirani ukutani wakasema "Ee!" kwa pamoja. Injinia akasukuma ile springi ya lori motoni kwa koleo, akageuka kumtazama shemeji. Kwa dakika nne nzima, shemeji hakuwa na la kusema. Dakika nne! Injinia angeweza kuziweka kwenye fremu.

Kisha ukuta wa udongo ukaanza kuvuja ukungu mweupe.

"Mbona linafuka?" aliuliza shemeji.

"Linatoka jasho. Kwani wewe ukifanya kazi hutoki jasho?"

"Sasa linapiga mluzi."

"Linafurahi!"

PAA!

Kipande cha udongo kama sahani kikaruka, kikapita kati ya majirani wawili, ambao hawakuonekana tena ukutani. PAA! ya pili ikamvua Injinia nyusi, zote mbili, kwa usafi ambao hakuna kinyozi angeufikia. Shemeji, mtu aliyekwisha kuangusha mafahali, alikuwa nyuma ya kiti cha mama yake. Mama mkwe peke yake hakusogea. Alikuwa amekalia mto.

Aliyekwenda kwenye mtungi akafunga gesi alikuwa mke.

Moshi ulipotawanyika, udongo wote ulikuwa umeporomokea juu ya chuma. Lakini ncha yake moja ilikuwa bado nyekundu! Injinia, bila nyusi, akaona wokovu. Akakichomoa kwa koleo, akakiweka juu ya kipande cha reli alichokifanya fuawe, akakipiga kwa nyundo kama anayedai haki yake. Mara ya sita udongo ulioungua ukagandamia chumani. Mara ya kumi na moja chuma kikapinda, kikageukia upande wake, kana kwamba kinataka kumwona anayekipiga. Akakizamisha ndani ya maji: chwaaa!

Akampa shemeji kwa mikono miwili.

Shemeji akakinoa kidogo kwenye jiwe, kwa heshima, maana alikuwa mtu wa haki katika kazi yake. Akaweka mnofu ubaoni. Akakata. Mnofu ukateleza ubaoni upande wa pili, mzima.

"Shemeji, hiki hakikati nyama. Kinaibembeleza."

"Usimcheke mwenzio," alisema mama mkwe kwa huruma. "Kikinyooshwa kitafaa kupakulia wali."

Ile huruma ilimuuma Injinia kuliko zile nyusi.

"Udongo wenyewe ulikuwa na hila!" alijitetea. "Siku kumi na nne umekauka! Tazameni tarehe! Rasmi!"

Shemeji akakiokota kile kipande cha kadibodi, akakipangusa majivu. "Ni kweli. Limekandikwa tarehe mbili. Muhuri upo."

"Tarehe mbili?" mke alishuka ngazi ya mlango. "Tarehe mbili ndoo hiyo nilikuwa nimelowekea mapazia!"

Kisha kutoka nyuma ya ukuta, mahali majirani walipokuwa wamejilaza, kikaja kicheko. Kilianza kidogo, kama cha mtu anayejizuia kanisani, kikapanda, kikamchukua shemeji, kikamchukua mama mkwe pamoja na mto wake. Mke alijaribu kukasirika, akashindwa, akabeba mtungi wake kuurudisha ndani huku mabega yakitetemeka.

Injinia alisimama na koti lake la suti, akitazama viganja vyake. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe vilikuwa vyeusi.

Walikula saa tisa. Wakati wa kuaga shemeji aliomba kile kisu, akakifunga kwenye gazeti. Alikuwa ameahidi, alisema, na yeye havunji ahadi kwa sababu ya kisu butu.

Kisu kiko buchani mpaka leo, juu ya kaunta, na kadibodi yake yenye muhuri imening'inia chini yake. Kila mteja anayeingia huambiwa kimetoka kwenye mkono wa nani.

Injinia sasa hununua nyama mtaa wa tatu.