Asmini ya Bi Mahfoudha Imeninunia

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Daftari, niwie radhi. Miezi mitano sijakuandikia! Linda anaota meno, mimi naota usingizi.

Habari ni hii. Bi Mahfoudha, mwenye nyumba wetu hapa Bombolulu, ameenda Malindi harusini kwa mpwawe. Mimea yake ya barazani kaniachia mimi hadi Jumapili. Nikiitunza, chumba cha mbele chenye dirisha ni changu. Ikinifia, anampa Jalila wa mlango wa pili. Chetu hakina dirisha hata moja, na kifua cha Linda hakisikii dawa. Sharti: nisiinyweshe maji ya kisima, yana chumvi. Maji ya mkokoteni tu.

Nimeshawajua wote. Mshubiri ni askari mstaafu: haombi kitu, haamini mtu. Mrehani ni mmbea. Ukimgusa tu, mtaa mzima unanusa. Asmini ni biharusi. Kila kitu kinamuudhi, hata kopo lake la maziwa lenye kutu upande wa kushoto.

Jumatano, 6 Agosti
Mkokoteni wa maji haujapita siku ya pili. Nimechota kisimani, nusu kikombe kila mmoja. Mbona sisi twaogea! Mshubiri kanywa kimya. Mrehani kanitazama kama shahidi. Asmini kageuza uso. Nikamwambia kwa upole kwamba nyumba hii anayedeka ni Linda peke yake.

Alhamisi, 7 Agosti
Asmini kaangusha majani kumi na moja. Mungu wangu! Nimeyafagia kabla Jalila hajaamka. Nikamwomba msamaha. Kaangusha la kumi na mbili.

Jioni Bi Mahfoudha kapiga simu, ataka picha. Nimepiga ya asmini ya Jalila, matumba tu, karibu karibu, kopo lisionekane. Kajibu mashallah, mkono wangu una baraka. Basi kesho nichume matumba yote, niyatume kwa gari la saa tisa, yasokotwe vikuba, vishada vya biharusi.

Nimekaa chini sakafuni mbele ya asmini yake: haina tumba hata moja.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimebisha kwa Jalila. Nimesema nataka asmini za kumfukizia Linda kifua. Kaniuliza, "Mama Linda, kifua chafukizwa asmini tangu lini?" Kacheka hata akashika mlango. Kisha kachuma mwenyewe, kajaza kitambaa kibichi, kasema mtoto apewe pole. Mtu mwema. Inaudhi sana.

Jumapili, 10 Agosti
Bi Mahfoudha karudi. Hata buibui hajavua, kasimama mbele ya asmini yake. Kumbe yake huzaa maua mazito, petali zimebanana. Ya Jalila ni petali tano tano. Alijua pale alipofungua kitambaa kule Malindi. Nilipokiri habari ya kisima, hakugomba. Kasema tu, mwanangu, ungenipigia simu, ningemwambia jirani akuletee maji. Chumba cha mbele ni cha Jalila. Nikaitika abee, abee, machozi yako hapa.

Halafu kanihurumia. Chumba anachotoka Jalila kina kidirisha. Nikimponya asmini kwa mwezi mmoja, nihamie.

Nimejifunza. Sitapiga tena picha ya mmea wa jirani. Nimemwandikia dada Nyamvula, Kaloleni, anitumie kabla ya Ijumaa: mche mmoja wa asmini ya petali nyingi, urefu wa goti, mgonjwa mgonjwa. Wa pili kama huo, wenye nafuu. Wa tatu mnono, wenye maua. Na makopo matatu ya maziwa yanayofanana, yote yawe na kutu upande wa kushoto.